Vyura wa Rafu ya Chini

Mshauri mpendwa,

Ukurasa wako mama yangu amekuwa akiukata na kuubandika kwenye friji tangu sijaanza shule, nami nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, sasa zamu yangu imefika na sicheki tena, nisaidie, maana mwezi ujao namaliza chuo na wakati wenzangu wanajaribu majoho mimi nakwepa kukutana macho na mtu ninayempenda na kumheshimu kuliko wote nje ya nyumba yetu.

Mtu huyo ni profesa wangu, Marit. Niliingia maabara yake mwaka wa kwanza, si kwa kupenda vyura, la, nilikuwa natafuta kibarua cha kuosha vioo, naye akaniuliza swali moja tu, kama naogopa baridi, nikamjibu kwamba baba yangu ni mchimbaji chuma na nimekulia kule juu migodini, baridi ndiyo ninayoijua, akacheka akasema, "Basi njoo uone kitu." Akanitolea chura wa msituni aliyeganda, wale wanaolala chini ya majani makavu majira yote ya baridi, mgumu kama kokoto, ukimgusisha mezani analia ko, moyo umesimama, hapumui, macho yameingia ukungu. Nikashika kalamu, akaichukua mkononi mwangu. "Leo huandiki, mwanangu. Leo unatazama." Tukakaa. Chura akaanza kulainika kuanzia miguuni, na baada ya muda mrefu ngozi ya kifua ikatikisika mara moja, ikatulia, ikatikisika tena, na mimi nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akanisogezea karatasi ya kufutia vioo nikapenga kamasi.

Tangu siku hiyo sikutoka. Mshauri, sijui nikueleze vipi maabara ile ilivyo, ni chumba kidogo cha chini ya ardhi chenye harufu ya majani mabichi na kahawa iliyoungua, lakini humo ndimo nilimojifunza kuwa mtu. Ni marufuku kusema chura amekufa kabla hajapata joto, unatakiwa useme "bado," na anayesema "amekufa" mapema anaosha vyombo vya kila mtu. Na kila Alhamisi mkutano wetu unaanza kwa swali moja, "Nani ameharibu nini wiki hii?" na wa kwanza kujibu ni Profesa mwenyewe, kuna wiki alitwambia amefungia funguo za friza ndani ya friza, na mwenye kosa bora kuliko wote ndiye anayekata kipande cha kwanza cha pai. Mimi nimekula vipande vingi vya kwanza. Niliwahi kubandika tarehe za mwaka uliopita kwenye makopo yote ya wiki nzima na wakanipigia makofi.

Sasa kazi yangu. Tuligundua, au tulidhani tumegundua, kwamba chura akionjeshwa baridi kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kugandishwa kabisa, huamka mapema kuliko yule aliyegandishwa ghafla. Tunapima hivi: akishatolewa kwenye ubaridi unamlaza chali na kusubiri ajipindue. Majira matatu ya baridi nimewalaza chali na kusubiri, na kila mara walioonjeshwa walijipindua kwanza. Profesa akasema tuandike makala, akaliweka jina langu mbele ya lake, jarida limeikubali na itatoka mwezi ujao, mwezi huo huo anaostaafu. Ukurasa wa kwanza ameubandika mlangoni kwake, na akija mgeni anamwambia, "Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, na si yangu, ni ya Kaisa." Kwa makala hiyo na barua aliyoniandikia yeye nimepata nafasi ya kuendelea na masomo kule Wisconsin.

Wiki iliyopita mimi na mwenzangu Pakou tulikuwa tunasafisha kabati tunamowatunzia vyura na kuwayeyushia, ili tuwaachie wanaokuja kitu kisafi, na kwa kuwa droo ilikuwa na vipimajoto vidogo visivyo na kazi nikaviweka kila rafu, bila sababu, nilikuwa naviona vimelala tu, nikawasha kabati kama tunavyoliwasha siku ya kuyeyusha.

"Pakou," nikaita, "hebu njoo usome hiki cha chini."

"Kimeharibika hicho."

"Na cha pili yake?"

"Nacho kimeharibika."

"Na hiki cha tatu?"

Pakou akageuza ndoo akaikalia. Mtambo wa joto, mshauri, uko chini ya kabati. Kipimajoto cha mlangoni kinaonyesha joto moja, nasi tulikiamini, kumbe rafu ya chini inapata joto mapema sana kuliko ya juu.

"Dada," akasema Pakou polepole, "walioonjeshwa ulikuwa unawaweka rafu ipi?"

"Chini."

"Wote?"

"Wote."

"Miaka yote?"

"Pakou, mimi ni mfupi!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Walioonjeshwa walikuwa wa kutolewa na kurudishwa kila siku, wengine walikuwa wa kukaa tu, basi niliwaweka wa kila siku mahali mkono wangu unapofika bila kupanda kiti, na siku ya kuyeyusha wakabaki rafu hiyo hiyo. Pakou akaangua kicheko, nikacheka naye, kisha nikaona hatucheki tena.

"Sikiliza," akaniambia, "funga mdomo wako mpaka uvae joho. Makala ngapi duniani zina makosa? Yule mama anastaafu, mwache aondoke na keki yake ya kuagwa."

"Ungekuwa wewe ungenyamaza?"

"Mimi? Mimi ningeshatapika ndani ya hii ndoo. Lakini naongea na wewe, siongei na mimi."

Tangu siku ile silali vizuri. Siku ya maonyesho ya utafiti ni mwisho wa mwezi, wazazi wangu wanakuja, baba ambaye kila Krismasi ananiuliza, "Na mimi mkinigandisha mtaniamsha Aprili?" na mama anamjibu, "Wewe hata Julai huamki," wamenunua nguo mpya kuja kuona bango langu. Bado tumebakiza vyura wachache waliogandishwa, wa kuwaonyesha watoto wa shule siku hiyo. Profesa atasimama mbele ya watu wote kuniaga na mimi kumuaga. Nikimwambia nitamvunja moyo. Mtu aliyenipa kila kitu, nimvunje moyo mwezi wake wa mwisho? Alhamisi iliyopita alipouliza nani ameharibu nini nikasema nimevunja kioo, na sikuwa nimevunja. Hili ni kubwa mno kwa pai. Niambie, mshauri, je, si heshima kumwacha mzee aondoke na furaha yake? Au nimwambie, na nikimwambia, nitamvunja moyo kwa maneno gani?

Ni mimi,
Mfupi wa Maabara


MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu Kaisa, jina hilo nimekupa mimi, na majina ya wenzako pia nimeyabadilisha, kwa hiyo kaa kwa amani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya mume wangu, naye alipofika kwenye "Pakou, mimi ni mfupi!" aliacha mkate ukaungua. Usione vibaya. Alicheka kwa kukupenda, na baadaye akauliza jambo ambalo nami nilikuwa nalo moyoni: huyu mtoto alikuwa na haja gani ya kuweka vipimajoto?

Huna jibu, umeandika mwenyewe kwamba hukuwa na sababu. Ulikuwa unasafisha kabati, masomo yanakwisha, makala imekubaliwa, hakuna aliyekuagiza, na bado mkono wako ukaenda kupima kitu ambacho watu wote walikiamini. Mimi nilifundisha sayansi shule ya sekondari maisha yangu yote ya kazi, nikawafundisha watoto kupima walichoagizwa, na wanaopima wasichoagizwa nawakumbuka kwa majina, ni wachache. Kwa hiyo kabla sijakugombeza, na nitakugombeza, pokea heshima yangu.

Wasomaji wengine huenda hawajaelewa tatizo liko wapi, nami siwezi kupita bila kueleza, ndiyo tabia yangu. Chukueni mikate miwili, mmoja wa unga mpya, mwingine wa unga wa zamani. Kila Jumamosi unaoka yote kwa pamoja, ila wa unga mpya unauweka chini karibu na moto na wa zamani unauweka juu. Wa unga mpya unaiva kwanza. Unatangaza mtaa mzima kwamba unga mpya unaivisha mkate haraka. Je, ni unga au ni moto? Hujui. Hata uoke Jumamosi mia, maadamu hujawahi kubadilishana nafasi zao, utakuwa umejifunza kwa uhakika mkubwa kitu usichokijua. Vyura wa Kaisa ndio mikate hiyo.

Sasa angalia vizuri, Kaisa. Unaniandikia kana kwamba umegundua kazi yako ni uongo. Hukugundua hivyo. Inawezekana kabisa kwamba kuonjeshwa baridi kunawasaidia, na kabati limeongeza kidogo tu juu yake. Inawezekana ni kabati peke yake. Unachokijua ni kwamba jibu huna. Maabara yenu ina neno lake kwa kitu kilicholala mezani hakijapata joto, na nimeshangaa kwamba mtu aliyekatazwa miaka yote kusema "amekufa" mapema ameizika kazi yake mwenyewe bila hata kuisubiri.

Haya, magombezi. Umeandika "nitamvunja moyo" kana kwamba moyo wa profesa wako ni kikombe cha udongo nawe umepewa ukibebe. Nani alikupa kazi hiyo? Mwanamke anayesimama kila Alhamisi mbele ya vijana kutaja makosa yake, hata la kufungia funguo za friza ndani ya friza, huyo ndiye unayemwogopea? Nadhani, mwanangu, na unisamehe nikikosea, kwamba kinachokuuma si moyo wake. Ni jina lako mlangoni pake. Unapenda anavyokutaja kwa wageni, na ni haki yako kupenda, hata mimi ningependa. Ila usiite hofu hiyo heshima kwa mzee. Heshima ya namna hiyo sisi wazee tunaijua sana: watu wanaanza kutuficha habari za ugonjwa, habari za ndoa za watoto wetu, habari za paa linalovuja, wanatutabasamia, na tunajua kabisa kwamba tumeshatolewa mezani.

Tena kuna jambo hulioni kwa sababu umejaa lawama zako mwenyewe. Kabati ni la nani? Ni nani aliyeipanga kazi pamoja nawe, akasoma kila neno, akaitia sahihi? Na wale wa jarida walioipitia, kuna aliyeuliza vyura walikaa rafu gani? Kosa hili lina wenyewe wengi, na Marit ni mmoja wao. Ukinyamaza humlindi na kosa lako. Unamnyima nafasi ya kurekebisha kosa lake. Na nafasi hiyo ina mwisho. Leo ni mwanasayansi mwenye kabati, vyura, wanafunzi na funguo, hata kama mara nyingine funguo zinabaki ndani ya friza. Mwambie Septemba, utakuwa unamwambia mstaafu mwenye simu tu, asiye na cha kufanya ila kukaa na aibu barazani. Na siku moja atajua. Hilo kabati mnawaachia wengine, na miongoni mwao atatokea mwingine mwenye mkono usiotulia kama wako.

Pakou mpende, mpe chakula, mwalike harusi yako. Rafiki anayekaa kwenye ndoo na kukuambia kweli kwamba angetapika si wa kupoteza. Ushauri wake uache pale pale kwenye ndoo. Nina hakika yeye mwenyewe hakuuamini alipokuwa akiutoa.

Sasa la kufanya. Usilipeleke mkutano wa Alhamisi. Umeandika kwamba kosa hili ni kubwa mno kwa pai, na hapo umesema kweli. Desturi ile ni nzuri kuliko nyingi nilizozisikia, inawafundisha vijana kwamba kukosea hakuui, lakini imetengenezwa kwa makosa yanayochekwa. Hili linahusu jina lake litakalochapwa, na mtu kama yule anastahili kulisikia akiwa amekaa peke yake, mlango umefungwa, pasipo macho ya wanafunzi kumpima anavyolipokea. Ukishamaliza, mkutanoni aamue yeye kama litasemwa, na nani aliseme. Na ile habari ya kioo ambacho hukukivunja, iondoe pia siku hiyo hiyo. Ni ndogo, lakini ndiyo pekee katika barua nzima uliyoifanya kwa kujua.

Nenda na vipimo ulivyoviandika, na kabla hujaenda virudie, wewe na Pakou, kabati likiwa tupu, ili asije akakuuliza kama mlipima mara moja tu ukabaki unatazama viatu. Mwombe mwandikie jarida leo leo kwamba makala isubiri. Usiandike peke yako, hata kama jina lako liko mbele, andikeni pamoja. Kisha wale vyura wachache mliowabakiza kwa ajili ya watoto wa shule, muulize kama mnaweza kuwayeyusha siku ya maonyesho wakiwa wamebadilishana rafu, walioonjeshwa juu, wengine chini. Ni wachache, hawatatosha kuthibitisha lolote, naye atakuambia hivyo. Lakini watoto wataona chura akiamka, nanyi mtaona nani kaamka kwanza, na baridi ijayo mtu mwingine afanye kazi hiyo ipasavyo kwa vyura wa kutosha. Iwapo itaonekana ulikuwa sahihi, vizuri. Iwapo ni kabati, waandikieni wote wenye makabati kama hilo, maana sidhani kama ni lenu tu lenye moto chini.

Bango lako lirekebishe. Acha kichwa cha habari kiwe swali. Chora rafu mbili, weka joto la kila moja, na mtu akikuuliza, "Kwa hiyo, inafanya kazi?" mjibu kwamba hujui, na umweleze kwa nini. Baba yako ataelewa kuliko unavyomdhania. Mchimbaji anajua maana ya kupima tena mahali ambapo kila mtu ameshasema ni salama. Na watu wa Wisconsin waandikie baada ya kuongea na profesa, mistari michache, bila kujipiga kifua wala kujipiga makofi usoni. Kama wana akili watakutaka zaidi. Kama watakurudisha kwa sababu ulipima kabati, ni afadhali umewajua kabla hujahamisha vitabu vyako.

Barua hii nimeituma kwako kwanza, gazeti litaipata baadaye, kwa sababu makala yenu ina tarehe na sikutaka usubiri zamu ya uchapaji. Ukimaliza kuisoma, usiisome tena. Vaa koti, mrudie vipimo wewe na Pakou, kisha uende ofisini kwake kabla ya chakula cha mchana, wakati mzee yeyote mwenye akili bado ana nguvu za kusikiliza. Usianze kwa kusema samahani, utaanza kulia naye ataanza kukubembeleza na habari yenyewe itapotea katikati. Anza na rafu. Sema joto la chini, sema joto la juu, sema ni nani alikaa wapi na kwa nini. Kisha mwache aulize, atakuwa na maswali mengi. Unayoyajua yajibu, usiyoyajua mwambie huyajui, na msikae humo ofisini mkitazamana: shukeni wote wawili mkafungue kabati, mpime upya, wewe ukishika vipimajoto vya chini na yeye akishika vya juu.